MREJESHO: Pa kuwapeleka watoto siku ya mapumziko, Lamu

Ahsanteni mlionijibu nilipouliza niwapeleke wapi wanangu, maana wiki nzima niko makumbusho nawaeleza wageni habari za siwa, lile baragumu kubwa la sherehe, na kupangusa vumbi makabatini.

Uliyesema twende Takwa, magofu ya mji wa kale kule kisiwa cha Manda, tuingie maji yakijaa: Mungu akulipe. Mashua ilipita katikati ya mikoko, na nahodha akatuhimiza tuondoke kabla maji hayajatoka. Kitinda mimba wangu alilizunguka lile kaburi la mnara la karne ya 17 akiuliza nani kalala humo. (Kazi imenifuata hadi mapumzikoni!)

Ufuo wa Shela jioni haukufaa. Upepo wa kusi ulijaza mchanga kwenye sinia la pilau, tukarudi kula nyumbani. Mwendao msimu huu, nendeni asubuhi.