Kinu, mbuzi na chano cha marehemu bibi: nivitumieje katika nyumba ya vyumba viwili?

BintiPangani:
Habari za jioni, ndugu zangu. Nyumba ya marehemu bibi yetu huko Pangani imeuzwa, na katika kugawana vyombo mimi niliyechelewa kufika niliachiwa vya jikoni: kinu cha mvule chenye ufa unaoanzia mdomoni hadi karibu na kiuno, mchi wake, mbuzi ya kukunia nazi ambayo meno yake yamelika, chano kikubwa cha mbao, na miiko minne, mmoja ukiwa umeungua ncha. Naishi Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, na nikithubutu kutwanga kisamvu usiku, jirani wa chini atanigongea mlango kabla majani hayajalainika.

Mume wangu anashauri tuvipake vanishi ving'ae, kisha tuvipange sebuleni kama vya hotelini. Sijalipenda wazo hilo, kwa sababu nataka vyombo hivi viendelee kufanya kazi, hata kama si kazi yao ya zamani. Huo mchi, pale mikono ya bibi ilipokuwa ikishika, umepungua unene na kuwa laini kama mfupa, kiasi kwamba ukiushika vidole vinajipanga vyenyewe. Naomba mnishauri vifanywe nini, na vitengenezwe vipi visiharibike.

SeremalaMstaafu:
Pole kwa msiba, binti yangu. Kabla hujaamua kinu kiwe nini, kilaze juu ya gazeti usiku kucha, na asubuhi ukikuta unga laini umedondoka kwenye vitundu, ujue wadudu bado wamo ndani. Miiko ifunge kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye friza wiki 2. Kinu hakiingii humo, kwa hiyo kivishe nailoni nyeusi, kikae kwenye jua kali siku kadhaa, kisha ukirudishe kwenye gazeti ukipime tena. Utaambiwa upake mafuta ya taa; usikubali, kwa kuwa harufu yake haitoki upesi katika nyumba ndogo.

Huo ufa usiuzibe kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Mbao hutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na kizibo kigumu ama kitabanduka, ama kitaupanua ufa wenyewe. Mwombe fundi wa vyuma akupimie pete chini kidogo ya mdomo, mfano wa zile za pipa, kisha weka juu yake ubao wa duara, upate meza ya pembeni ya kiti. Vanishi sikushauri. Pasha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya kitani kwa moto mdogo, ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, upake kwa kitambaa. Hicho kitambaa usikikunje na kukitupa kwenye pipa la taka, kwa maana mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto na yanaweza kujiwasha yenyewe. Kitandaze nje kikauke.

MamaWaWatatu:
Dada, nakuonya juu ya jambo moja, kwa sababu mimi nililifanya. Kinu cha mama mkwe nilikijaza udongo nikapanda mrehani, ukastawi kweli, nikasifiwa na wageni, na baada ya masika mawili nilipotaka kukisogeza kitako kilibaki sakafuni. Ukitaka maua, weka ndoo ndani yake.

Msomaji_Mvita:
Mbuzi ni mbao mbili zilizopishana, zinazokunjuka na kukunjika kama marufaa. Ukiung'oa ulimi wa chuma na kuziba tundu lake, utapata kiweko kizuri cha kusomea Msahafu.

BiMkubwa_Unguja:
Mwanangu Msomaji, wazo lako ni jema, lakini hicho ni kitu kilichokaliwa miaka na miaka, na sisi kwetu hatukiweki Msahafu mahali pa kukalia. Kitabu cha mapishi, sawa. Ila binti, mimi ningempelekea mhunzi akabadilishe ulimi tu, maana mbuzi haipigi kelele za kumwamsha jirani, na nazi iliyokunwa kwa mkono haina mfano. Chano kioshe, kikaushe kivulini, upakulie wali wageni wakija. Mbona hicho hakihitaji kugeuzwa chochote?

BintiPangani:
Shikamoo Bi Mkubwa, na shikamoo fundi. Gazeti la kwanza lilikuwa na unga kidogo, kwa hiyo kinu kiko juani kwenye paa, nimekivisha nailoni. Ulimi wa mbuzi nitaupeleka kwa mhunzi Jumamosi. Miiko mitatu itabaki jikoni, na ule ulioungua nitautoboa mpini niutundike karibu na mlango, uwe wa kuning'inizia funguo. Sasa umebaki mchi. Nimefikiria kuulaza ukutani juu ya vibao viwili ili tutundikie kanga na taulo, lakini fundi, je, nianze kwa kuupiga msasa?

SeremalaMstaafu:
Piga msasa ncha zote mbili, zilizochanika kwa kutwanga. Pale katikati, kwenye mikono ya bibi, paka nta tu, msasa usifike.