Naombeni ushauri: kihamba cha jirani kimekuwa pori, naogopa moto

kijana_wa_mwika
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Niko Mwika, Kilimanjaro, juu huku karibu na msitu. Kihamba (shamba la ukoo la nyumbani) tunachopakana nacho mwenyewe yuko Dar, anakuja Desemba siku nne tano, anageuza. Miaka sita panga halijapita pale. Kahawa imemezwa na magugu, lantana imepanda hadi kwenye mikaratusi, na magome makavu yamelala chini kama godoro. Toka mpakani hadi jiko la mama ni hatua kumi na mbili, na jiko lenyewe ni la mbao.

Oktoba 2020 moto ulipowaka Whona, kule juu Mlima Kilimanjaro, tuliutazama usiku kutoka uani. Tangu siku ile mama akisikia harufu ya moshi halali. Sasa vuli imekata, kiangazi cha Januari na Februari ndicho hiki. Jirani nimempigia mara tatu, jibu ni "nitatuma mtu". Nifyeke upana gani? Naweza kuingia kwake bila kuleta ugomvi? Kuna aliyeniambia nipachome mapema yaishe.

binti_kahawa
Pole kaka. Usichome, nakuomba. Baba yangu mdogo alichoma magugu jioni, upepo hakuna, ndoo za maji pembeni. Akamwagia, akaenda kulala. Kumbe kisiki kinafuka chini kwa chini. Alfajiri upepo ukaamka, banda la jirani likateketea na ng'ombe wawili. Mpaka leo hizo familia hazisalimiani.

mzee_wa_misindano
Nimefanya kazi shamba la miti miaka kumi na moja. Wengi hukimbilia mpakani, ila wewe anzia ukutani mwa jiko urudi nyuma. Nyumba nyingi haziwashwi na ule moto mkubwa unaouona, zinawashwa na cheche zinazotangulia na upepo na kutua kwenye majani makavu. Kwa hiyo mita moja na nusu kuzunguka jengo pasiwe na nyasi, kuni wala majani makavu ya migomba. Udongo mtupu au mawe. Kama kuna gata, toa majani yaliyojaa humo.

Kutoka hapo hadi mita kumi nyasi ziwe fupi, na miti ikatwe matawi ya chini hadi mita mbili, moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia juu. Kihamba chake kikiwa upande wa chini yako, ongeza upana, maana moto unapanda mteremko mbio kuliko unavyoshuka.

Ila fyeka, using'oe. Ukiacha ardhi uchi, masika itabeba udongo wote. Na kama kuna mto, usiguse uoto wa ukingoni. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60.

mama_migomba
Majani mengine waite wanaokatia ng'ombe, watakusafishia bure. Lantana tu isiingie kwenye mzigo, ni sumu kwa ng'ombe. Halafu mpakani panda safu mbili za migomba. Mgomba mbichi una maji, ili mradi uupunguze majani makavu kila mara.

babu_mfongo
Kijana, usiingie kwa mtu kwa maneno ya simu. Mwambie akutumie ujumbe wa maandishi, kisha umwonyeshe mwenyekiti wa kitongoji kabla ya kufyeka. Na masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, usiyaguse hata jani moja. Ukikata masale, kesi si ya moto tena, ni ya mpaka, na hiyo watoto wako watairithi.

kijana_wa_mwika
Asanteni sana. Jirani ametuma ujumbe leo mchana, ameruhusu mita kumi upande wake, na mwenyekiti ameusoma. Jumamosi tunafyeka, wakata majani watatu wameshakubali kuja. Kuni za mama zilikuwa zimepangwa kwenye ukuta wa jiko kabisa, tangu marehemu baba. Nimezihamishia karibu na zizi. Amekubali kwa shida, lakini amekubali.