Katika sataranji, mfalme amekufa au amekwama?

Neno la Kiingereza "checkmate", litamkwalo mfalme anaposhindwa na mchezo kuisha, linaporejeshwa kwenye asili yake, "shah mat", wengi wetu huona shauri limekwisha: shah ni mfalme kwa Kiajemi, na mat ni kufa, kwa mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa maiti na mauti. Hata hivyo, kamusi za Kiingereza zenyewe hazikubaliani, kwani baadhi hueleza kwamba mfalme amekufa na nyingine kwamba amekosa pa kukimbilia. Mimi nipo upande wa hizi za pili.

Njia ya neno haina ubishi mkubwa. Wahindi waliuita mchezo huu chaturanga, yaani viungo vinne, wakikusudia tembo, magari ya vita, wapanda farasi na askari wa miguu; Waajemi wakasema chatrang, na Waarabu, ambao lugha yao haina sauti ya ch, wakasema shatranj, tulikopata sataranji yetu. Ulaya, iliyoupokea kwa Waarabu, hasa kupitia Hispania, ilishika zaidi jina la mfalme kuliko la jeshi. Kutokana na shah, Kifaransa cha kale kilipata "eschec", na Kiingereza kikapata "check", "chess", na hata "exchequer", jina la hazina ya Uingereza, ambayo hesabu zake zilifanywa juu ya meza yenye kitambaa cha miraba.

Ubishi umo katika mat. Kwa kanuni za mchezo, mfalme hauawi wala haondolewi ubaoni kama kete nyingine. Mchezo husimama pale anapotishwa na hana mraba wa kuponea. Hali hiyo inalingana na mat ya Kiajemi, ambayo hadi leo humwelezea mtu aliyeduwaa, asiyejua la kufanya. Zaidi ya hayo, Mwarabu angetarajiwa kutanguliza kitenzi na kumtaja mfalme kwa "al", ingawa nakiri kwamba wachezaji hufupisha maneno.

Hoja nzito ya upinzani ni kwamba huenda mat ya Kiajemi nayo ilikopwa kutoka Kiarabu, kwa kuwa lugha hiyo ilikopa mengi baada ya karne ya 7. Anayeishikilia atueleze, basi, kwa nini Waarabu wamwachie mfalme jina lake la Kiajemi, kisha wamuue kwa kitenzi chao.