Mjadala: Pini za mti au za plastiki, na alama za mashine ya kamba zihesabiwe vipi?

Mleta mada
Kumbi nyingi za bolingi, mchezo wa kubingirisha tufe kuangusha pini kumi, zinang'oa mashine za kawaida za kupanga pini na kufunga za kamba, ambazo kila pini imefungwa kamba kichwani, na papo hapo zinaacha pini za mti na kuchukua za plastiki. Mwaka 2023 USBC, shirikisho linalosimamia mchezo huu Marekani, liliukubali mchezo wa pini za kamba, ila kama aina inayojitegemea: alama zake haziwekwi kapu moja na za mchezo wa kawaida. Wapo wanaoona hilo ni ubaguzi. Nyie mnasemaje? Na kinachobadili mchezo ni plastiki au ni kamba?

Fundi wa Shimoni
Tutenganishe vitu viwili. Pini iitwayo "ya mti" leo si mti mtupu. Ni vipande vya mti mgumu wa mepeli vilivyounganishwa kwa gundi, vikakerezwa, kisha vikavikwa ganda la plastiki. Urefu wake ni sm 38.1, kipenyo cha tumbo sm 12.1, uzito kati ya kilo 1.53 na 1.64. Kwa hiyo tufe linagonga plastiki kwa vyovyote. Tofauti iko ndani.

Ubovu wake unajulikana. Ganda hupasuka kwanza pale tufe linapogonga, au shingoni, ambako ndiko kwembamba. Likishapasuka, mti unafyonza unyevu na mafuta yanayopakwa kwenye njia ya tufe, nyuzi zinaachana, na kipande kikichomoka kinaangukia kwenye zulia la shimoni, nyuma ya pini. Hapo mashine inakwama. Kitako nacho kinalika. Pini yenye kitako kilicholika upande mmoja huachiwa na sahani ya mashine inayozishusha pini ikiwa wima, halafu inalala yenyewe kabla tufe halijarushwa. Watu wanalaumu mashine, kumbe ni pete ya kitako ya kubadilisha tu.

Pini ya plastiki tupu haina nyuzi wala gundi ya kuachia, na uzito wake hauyumbi kwa unyevu. Lakini ikipata ufa shingoni, haina tiba, unaitoa.

Mtupaji wa Ligi
Fundi, umeruka mlio na mruko. Pini ya mti ikigongwa inatoa mlio mzito, na inasukuma jirani yake. Baadhi ya za plastiki zinaruka juu zaidi, pini za kona zinabaki zimesimama. Alama za mtu zinabadilika bila yeye kubadili kitu chochote.

Fundi wa Shimoni
Mlio nakubali. Mruko unategemea pia seti yenyewe. Changanya pini mpya na kuukuu katika njia moja, upate za kilo 1.53 zikikaa na za 1.64, halafu uone kama hesabu itatulia, ziwe za mti au za plastiki. Dawa ni kuzipima, kuzipanga kwa makundi ya uzito unaokaribiana, kuzifuta mafuta, na kuwa na seti mbili za kupokezana.

Msimamizi wa Ukumbi
Mnazungumzia pini kana kwamba zinajipanga zenyewe. Mashine ya kawaida, kizazi cha ile ya kampuni ya AMF iliyoonyeshwa Buffalo, Marekani, mwaka 1946, inahitaji pini 20 hivi kwa kila njia, kwa sababu wakati 10 zimesimama nyingine zinazunguka. Zulia linazirudisha nyuma, gurudumu linazinyanyua, kigawaji kinazijaza mifukoni, sahani inazishusha, reki inafagia zilizolala. Mikanda, mota na swichi kila hatua. Fundi lazima awe jirani saa zote, na haingii nyuma kabla ya kukata umeme. Ya kamba ina pini 10 tu, haina gurudumu wala kigawaji, na sehemu zake zinazosogea ni chache. Mwenye ukumbi akipiga hesabu, jibu linajulikana.

Mtupaji wa Ligi
Hesabu ya mwenye ukumbi si hoja ya haki, ndugu yangu. Mashine ya kawaida hubana shingo ya pini iliyobaki na kuirudisha palepale ilipoteleza. Ya kamba inavuta zote juu, halafu iliyosimama inairudisha kwenye alama yake ya awali. Pini iliyosogea sentimita tano inarudi kama haikuguswa! Huo si mchezo uleule wa kutafuta speya, yaani kumaliza pini zilizobaki kwa tufe la pili.

Fundi wa Shimoni
Hapo ndipo penyewe. Ongeza haya:

Mashine ya kamba inatambua pini iliyoanguka kwa urefu wa kamba iliyovutwa. Pini ikiyumba sana na kuvuta kamba ya kutosha, inaweza kuhesabiwa imelala ilhali imesimama. Kihisi kikiwekwa kigumu kupita kiasi, iliyolala inaachwa. Hilo hurekebishwa kwa kujaribu njia kwa njia.

Kamba fupi inaizuia pini isisafiri, inakatiza msukumo wake kabla haijamgonga mwenzake. Kamba ndefu inaachia pini, lakini misokoto inaongezeka. Mashine hujaribu kujifungua kwa kupandisha na kushusha. Ikishindwa, mtu anakwenda kuifungua kwa mkono. Pia kamba ya pini moja inaweza kuilaza nyingine, jambo lisilowezekana kwenye mashine ya kawaida. Na kamba inalika pale inapotokea kichwani mwa pini. Ikague hapo, si katikati.

Msimamizi wa Ukumbi
Sawa, lakini Ujerumani mchezo wa kegeli, wenye pini tisa, umekuwa ukichezwa kwa mashine za kamba miaka mingi na mashindano yake makubwa yanaheshimika. Hakuna anayesema si mchezo.

Mtupaji wa Ligi
Kwa sababu wote wanacheza kwa kamba! Hawajumlishi alama zao na za mtu asiye na kamba. Ndicho ilichofanya USBC, na ndicho ninachotetea. Ligi ya kamba iwe na wastani wake, hata alama za nyongeza wanazopewa wachezaji dhaifu zihesabiwe ndani ya aina moja.

Mleta mada
Basi swali linabaki kwa ukumbi wenye njia nusu za kawaida na nusu za kamba. Ligi ipangiwe upande mmoja tu?

Fundi wa Shimoni
Upande mmoja, msimu mzima. Na ubandike ukutani urefu wa kamba na aina ya pini zilizotumika, ili aliyekuja kutoka ukumbi mwingine ajue anacheza na nini.