Mtapo wetu unatoa koni lakini hauzai, nifanyeje?

Mwanakwale: Habarini wakubwa. Shambani kwetu huku Kwale kuna mtapo, ule mmea unaofanana na mtende mfupi, tulioachiwa na babu, shina lishanipita urefu na miiba ya majani ndo usiseme. Unatoa zile koni za manjano kama mananasi marefu, tatu nne kwa mpigo, zinamwaga vumbi halafu zinanyauka, mbegu hata moja hamna. Sasa kuna jamaa anataka kuung'oa anipe pesa, ati ni tasa. Mi nataka miche niipande, roho inaniuma kuuza.

Mama Zuhra: Usiuze mwanangu! Misitu ya pwani imefyekwa, mitapo tunaiona kwenye kaya (ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda) na sehemu chache za mawe. Encephalartos zote, yaani jamii nzima ya mtapo, ziko orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuuza nje ya nchi zilizong'olewa porini ni marufuku. Huyo muulize anaupeleka wapi.

Mpenda Mimea: Si tasa huo, ni dume. Mtapo (Encephalartos hildebrandtii) dume mbali jike mbali, na huwezi kujua mpaka utoe koni. Jike koni yake nene, nzito, ikiiva inasambaratika yenyewe mbegu nyekundu zinamwagika chini. Wanaobeba chavua, hilo vumbi la koni, ni vifukusi (wadudu wadogo), sasa kama jike hayuko karibu utangoja mpaka uchoke. Kuna ndugu yake Afrika Kusini, E. woodii, ulionekana msitu wa Ngoye 1895, jike halijapatikana mpaka leo, yote iliyopo duniani ni madume yaliyotokana na machipukizi ya ule mmoja. Inasikitisha sana.

Mwanakwale: Kumbe! Kwa shangazi upande wa Msambweni upo uliotoa mbegu nyekundu. Na haya machipukizi ya chini nikiyatoa?

Fundi Bustani: Yatashika ila yatakuwa madume vilevile. We kung'uta chavua kwenye karatasi, iache ikauke kivulini, tia kwenye kichupa weka friza, inakaa miezi. Koni ya shangazi magamba yakiachana kidogo tu, ipulizie mle ndani, rudia siku zinazofuata. Mbegu ukizipata toa nyama ya nje na uvae glavu, zina sumu, mbwa na mbuzi wasizifikie.

Mama Zuhra: Kweli kabisa, wazee wakati wa njaa walikula unga wa mtapo lakini mpaka uloweke na kukaushwa haswa.

Mwanakwale: Asanteni sana. Jamaa nishamwambia hauuzwi, na shangazi nampigia jioni hii.