Mzee ana Parkinson, mazoezi yanamsaidia kweli au tunamchosha bure?

Kijana wa Machame:
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Mzee wangu ana miaka 68, alianza kutetemeka mkono wa kulia, watu wakasema uzee, shangazi akasema karogwa, tukazunguka weee mpaka daktari mmoja akasema hii ni Parkinson akampa dawa za levodopa. Sasa kasisitiza na mazoezi, tena sio ya kunyoosha vidole, kasema mpaka aheme. Home imekuwa vita, bimkubwa anasema mwacheni mume wangu apumzike kafanya kazi maisha yake yote. Mi ninachojiuliza, kama ugonjwa uko kichwani, miguu inahusikaje? Halafu akifika mlangoni anaganda, hatua haitoki kabisa, tukimvuta mkono ndo anataka kuanguka.

Fizio Mtaani:
Pole sana mdogo wangu. Kwenye ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, hiyo ndo inafanya utembee huku unaongea na simu bila kuiwazia miguu. Parkinson inaziua taratibu, dalili zikionekana nyingi zishaondoka. Kwa hiyo kutembea kwa mazoea kunapotea, ila kutembea kwa kukusudia bado kunawezekana, na mazoezi yanashika hapo hapo. Mlangoni msimvute! Asimame kwanza, ahamishe uzito mguu huu kwenda huu, halafu anyanyue goti kama anavuka gogo. Bandikeni vipande vya tepu sakafuni avivuke kimoja kimoja, wengi wanapita.

Kuhusu kuhema daktari yuko sahihi. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2018, wagonjwa 128 ambao hawajaanza dawa, waliokimbizwa tredmili moyo ukienda asilimia 80 mpaka 85 ya uwezo wake, baada ya miezi 6 dalili zao zilikuwa karibu pale pale, ambao hawakupewa mazoezi wakazidiwa kwa kama pointi 3 kwenye kipimo cha dalili. Uholanzi nao 2019 walitumia baiskeli ya mazoezi isiyotembea, nyumbani, dalili hazikuzidi kama za wenzao, na tofauti hiyo ilionekana mgonjwa akipimwa kabla ya kunywa dawa.

Mzee wa Busara:
Tredmili ziko Masaki huko mkuu 😂 Machame yenyewe mlima mtupu, apande tu kwenda kanisani atahema mpaka basi. Ila moyo na presha mmempima? Msije mkatibu mkono mkaua mtu.

Fizio Mtaani:
Kweli apimwe kwanza. Na kupanda sio shida, shida ni kushuka, hapo ndo wanadondoka, asishuke peke yake.

Mama Jose:
Mama yangu anao huu ugonjwa. Yeye mwanakwaya, basi akiganda jikoni mi naanza tu pambio na makofi, mguu wa kwanza unatoka wenyewe anafika mezani na sufuria mkononi, ila akiacha kuimba ili anijibu kitu anaganda tena palepale, kwa hiyo tumekubaliana akitembea hatuongeleshi. Wajukuu wanacheka mpaka wamezoea. Pia jirani alituletea upupu akasema ni dawa, na ni kweli mbegu zake zina levodopa ndani, lakini ukichanganya na vidonge hujui kameza kiasi gani, tukakataa.

Na usishangae mlizunguka sana, kule kwenu Hai waliwahi kufanya utafiti nyumba kwa nyumba, wengi waliokutwa na Parkinson walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Kijana wa Machame:
Asanteni sana, tepu nabandika leo. Kwa hiyo akikomaa na mazoezi ataacha dawa?

Fizio Mtaani:
Hapana hapana, dawa asiache na asikatishe ghafla ni hatari. Seli zilizokufa hazirudi. Anachopata ni hatua ndefu kidogo, balansi, usingizi, hata mudi, maana ugonjwa huu unaleta sana sonona watu wanadhani mzee kanuna.

Kijana wa Machame:
Yaani kanuna kweli huyu siku hizi. Saa ngapi ni nzuri afanye?

Mama Jose:
Sisi asubuhi, dawa ikishashika, yaani ukiona mkono umetulia ndo mnatoka. Dawa anywe kama nusu saa kabla ya kula, maana nyama na maharage yanaizuia isiingie vizuri. Na bimkubwa mchukue mtembee naye, akiachwa nyumbani ndo anapata muda wa kulalamika.