Neno gani la Kiingereza lilikukaa kichwani baada ya kujua lilikotoka? Tupeane uzoefu

Wadau habari za jioni. Mimi nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili, watoto wangu wengi wametoka shule za msingi za Kiswahili na kinachowatesa zaidi ni spelingi. Kiswahili kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa, sasa mtoto anakutana na "debt" anauliza mwalimu hiyo b kazi yake nini mbona haitamkwi, ukimjibu "kariri tu" umeshamkatisha tamaa.

Siku hizi naandika ubaoni "debt", chini yake naandika "debit" ambayo wanaochukua masomo ya biashara wanaijua, halafu nazungushia duara b zote mbili. Nawaambia Waingereza walilitoa kwa Wafaransa likiwa "dette", b hakuna, wakakaa nalo hivyo hivyo, baadaye wasomi waliokuwa wanakihusudu Kilatini wakairudisha b ya "debitum" kwenye maandishi ila mdomoni watu wakaendelea kama zamani. "Doubt" nayo yaleyale. Hapo darasa linachangamka na neno linakaa. Leteni na nyie yenu, hasa mliyoyatumia kazini au kwa watoto nyumbani.

Mpishi Arusha: Mwalimu umenigusa. Nilivyoanza kazi jikoni hotelini menyu ilinichanganya sana, maana sisi nyama ya ng'ombe ni nyama ya ng'ombe basi, wenzetu akiwa hai ni "cow" akifika kwenye sahani ni "beef", "sheep" anageuka "mutton", "pig" anakuwa "pork". Shefu wetu tukiwa tunakata steki akanieleza kwamba mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaivamia Uingereza wakaitawala, mabwana wakawa wanaongea Kifaransa, wakulima waliochunga wakabaki na Kiingereza chao. Kwa hiyo zizini jina la mchungaji, mezani jina la bwana. Na Kifaransa mpaka leo ng'ombe ni "boeuf", kondoo "mouton", nguruwe "porc". Sasa hivi vijana wanaokuja kufanya fildi jikoni kwetu nawaanzishia na hiyo kabla hata hawajashika kisu.

Mama Wawili: Mie nasomea fiziotherapia, majina ya mwili yanaua jamani 😩 Ila "muscle" sitalisahau, Kilatini ni "musculus" yaani kipanya! Kunja mkono ukunjue huku unaangalia hapo juu ya kiwiko, ile nyama inavyopanda na kushuka chini ya ngozi utaona kabisa kitu kinakimbia.

Wa Nakuru: Ya kwangu fupi. "Nice" ilitoka kwa neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na zamani Waingereza wakikuita "nice" walimaanisha wewe ni mjinga. Niliwaambia wanafunzi wangu wakacheka mpaka kengele ikalia.

Kijana wa Moro: "Salary" inatokana na chumvi, Kilatini "sal". Askari wa Roma walikuwa wanalipwa magunia ya chumvi.

Mkutubi: Kijana wa Moro, nusu ya kwanza ni sahihi, "salarium" kweli imezaliwa na "sal". Lakini hayo ya kulipwa magunia hayana ushahidi wowote wa zamani, askari wa Roma walilipwa sarafu. Naomba tuwe makini hapa kwa sababu mwalimu anaenda kuyapeleka darasani, na stori tamu ndiyo inayosambaa haraka kuliko ya kweli.

Kijana wa Moro: Asante mkuu, nimekuelewa.

Bi Unguja: Nyinyi bara mnasema shule, sie huku twasema skuli. Lenu limetoka kwa Wajerumani, letu kwa Waingereza, lakini ukilifuata nyuma yote mawili yanakutana kwenye Kilatini "schola" na hicho Kilatini kimelitoa kwa Wagiriki, "skhole", maana yake wasaa, nafasi ya mtu kupumzika na kazi. Wenye wasaa ndio waliokaa wakajadiliana mambo ya elimu, baadaye jina likahamia kwenye mijadala yenyewe na mwisho pahala pa kusomea. Nilimwambia mjukuu wangu asubuhi anagoma kuvaa sare, akanitizama, kisha akauliza, "kwa hiyo bibi skuli ni mapumziko?" Nikamwambia ndiyo, vaa viatu.

Mwanzisha mada: Shikamoo Bi Unguja, hii naiandika. Mpishi, ya zizini na mezani naipeleka kesho kidato cha pili, nitachora ng'ombe upande mmoja na sahani upande wa pili. Mwenye maelezo ya "knife" na "knee" alete tafadhali, najua zamani hiyo k ilikuwa inatamkwa ila nataka mfano wa kuwaonyesha.

Fundi Gereji: Mwalimu, mie nilijifunza Kijerumani kidogo, goti kwao ni "Knie" na k wanaitamka mpaka leo. Waandikie hilo pembeni ya "knee" uwasomee kwa sauti.